Rafu ya vitabu vya msiba: shajara ya mradi

Februari, mwanzoni

Mradi wenyewe ni mdogo. Ni rafu moja ya vitabu vya kuazimisha, vyote vinahusu kufa, kifo na kufiwa, na kila kitabu kina karatasi ya nusu ukurasa iliyochomekwa nyuma ya jalada. Karatasi hiyo inasema kitabu kinamfaa nani, wakati gani, na ndani yake kuna nini kinachoweza kumchoma msomaji akiwa hajajiandaa. Tuko wawili: mimi, na muuguzi mstaafu ambaye amekesha na wagonjwa mahututi maisha yake yote ya kazi. Sheria tuliyokubaliana ni moja tu. Hakiingii kitabu ambacho angalau mmoja wetu hajakisoma mpaka mwisho.

Jambo la kwanza lilikuwa mpangilio. Maduka hupanga vitabu kwa aina: riwaya upande huu, saikolojia upande ule, dini kwake. Mwenzangu aliukataa mpango huo papo hapo. "Mtu aliyezika juzi haji kutafuta saikolojia, kaka. Anakuja na hali yake." Kwa hiyo tumegawa rafu kwa kufuata alipo msomaji: anayekufa naye anajua, anayeuguza, aliyefiwa karibuni, aliyefiwa zamani na bado hajapumua, mtoto, na mwisho yule ambaye hajafikwa na lolote ila anataka kuelewa. Huyu wa mwisho ndiye rahisi kuhudumia. Nina shaka pia kwamba ndiye aliyeandikiwa vitabu vingi kati ya hivi, hata pale jalada linapodai vingine.

Februari, mwishoni

Kitabu kinachoulizwa kuliko vyote, na rafu hata haijafunguliwa, ni *On Death and Dying* cha Elisabeth Kübler-Ross, cha mwaka 1969. Au niseme kinachoulizwa ni orodha yake: kukana, hasira, kujadiliana na Mungu au majaliwa ili kifo kiahirishwe, sonona, kukubali. Watu wameisikia kila mahali, na wengi hawajawahi kukishika kitabu chenyewe.

Nimekisoma upya polepole, na nimetumia muda mwingi kwenye karatasi yake kuliko nyingine yoyote. Sababu ni kwamba Kübler-Ross, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Uswisi na kufanya kazi Marekani, hakuwa anaandika juu ya wafiwa. Aliketi na wagonjwa wa hospitali moja ya Chicago waliokuwa wanaelekea kufa, akawauliza wanajisikiaje, wanafunzi wakisikiliza. Hatua tano zilikuwa njia yake ya kueleza alichokiona kwa mtu anayepokea habari za kifo chake mwenyewe. Baadaye orodha ikahamishwa, ikavishwa waliobaki. Katika kitabu alichoandika na David Kessler kuhusu kufiwa, kilichotoka mwaka 2005 yeye akiwa ameshafariki mwaka mmoja kabla, wanalisema wazi: hatua hizo hazikukusudiwa kuzifunga hisia za watu katika vifurushi nadhifu, na si kila mtu atazipitia zote wala kwa mpangilio huo.

Madhara yake nimeyaona kwa watu wa karibu. Mjane anahangaika kwa kuwa hajawahi kuhisi hasira. Mwingine anaulizwa na shemeji zake "umefika hatua gani?" kana kwamba yuko safarini na kuna kituo cha kushukia. Ukimpa mtu kama huyo orodha, umemwongezea mtihani juu ya msiba.

Lakini kitabu ni kizuri kuliko orodha iliyotokana nacho. Ukiruka maelezo ya hatua ukaenda kwenye mazungumzo yenyewe, unakuta wagonjwa ambao walishajua kwamba wanakufa, na waliokuwa wakikwepa ni madaktari. Mtu yuko tayari kusema, ila hakuna aliyevuta kiti. Kwa hiyo kimekwenda kwa wanaouguza. Karatasi yake inaanza hivi: "Kama umefiwa, kitabu hiki hakikuhusu wewe moja kwa moja. Usijipime nacho."

Machi, mwanzoni

Baada ya kuliondoa lile jina kubwa kwenye sehemu ya wafiwa, palibaki pengo: nadharia gani basi? Nilijipa kazi ya kusoma za kitaalamu ili wengine wasilazimike.

Kinachovutia ni jinsi mawazo yalivyogeuka. Sigmund Freud, daktari aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, katika insha yake ya mwaka 1917 kuhusu maombolezo, aliona kazi ya mfiwa ni kujinasua kidogo kidogo kutoka kwa aliyekufa mpaka moyo uwe huru kupenda tena. Hata J. William Worden, ambaye kitabu chake cha mwaka 1982 kilikuja kuwa cha darasani kwa washauri nasaha, katika toleo la kwanza alimpa mfiwa kazi nne, na ya nne ilikuwa kuondoa hisia zake kwa marehemu na kuzielekeza kwingine. Katika matoleo ya baadaye aliibadilisha. Sasa kazi ya nne ni kupata namna ya kudumu na marehemu huku maisha yakiendelea. Mwaka 1996 Dennis Klass na wenzake walitoa kitabu kizima kikitetea kwamba uhusiano na aliyekufa hauhitaji kukatwa ili mtu apone. Miaka mitatu baadaye Margaret Stroebe na Henk Schut wakaeleza jambo ambalo mfiwa yeyote angewaambia bure: kwamba mtu huenda na kurudi, asubuhi analia, mchana analipa bili na kucheka kidogo, usiku analia tena, na kule kwenda na kurudi ndiko kunakomvusha.

Freud mwenyewe alifiwa na binti yake Sophie mwaka 1920. Miaka tisa baadaye, siku ambayo Sophie angetimiza miaka 36, alimwandikia rafiki yake Ludwig Binswanger, aliyekuwa amefiwa na mwanawe, kwamba majonzi makali hupoa lakini mtu hafarijiki kabisa, na hapati mbadala. Na kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu ndiyo njia ya kuendeleza upendo tusiotaka kuuacha. Kwangu barua hiyo ina uzito kuliko insha ya 1917. Nimeitaja kwenye karatasi tatu tofauti.

Vitabu vya Worden na wenzake tumeviweka chini kabisa, kwa washauri na viongozi wa dini wanaopokea watu. Havisomeki kwa mtu aliyechoka.

Machi, mwishoni

Sehemu ya wanaouguza ni ya mwenzangu, na hana huruma na vitabu vitamu. Anataka kitabu kimwambie binti anayemkesha baba yake kitakachotokea mwilini. *How We Die* cha Sherwin Nuland, daktari wa upasuaji, cha mwaka 1994, kinaeleza jinsi moyo, kiharusi, saratani na uzee vinavyomaliza mwili, na kinakataa katakata ile picha ya kifo cha heshima ambapo mgonjwa anatabasamu na kufumba macho. Mwenzangu amekipenda kwa ukweli wake, kisha akalalamika kwamba binti anayekesha hawezi kusoma sura nzima ya kemia ya damu saa nane za usiku.

Basi akakiweka kitabu mezani, akaanza kunionyesha anayekufa anavyopumua. Akavuta pumzi nzito za haraka, zikapungua, zikawa nyepesi, zikakatika kabisa. Nikasubiri. Nikahesabu kimoyomoyo. Nilipotaka kumgusa bega akavuta pumzi ndefu, mzunguko ukaanza upya. Alisema familia isiyojua huangua kilio mara kadhaa kwa usiku mmoja, kila pumzi inapokatika, na wakati mwingine mgonjwa hukata roho wakati wote wamekwenda sebuleni kupiga simu za msiba uliokuwa haujatokea. Madaktari wanaupa upumuaji huo majina ya Cheyne na Stokes, walioueleza katika karne ya 19. Mtu wa kawaida hahitaji majina hayo, anahitaji kujua tu kwamba upumuaji huo utakuja.

Tumeandika karatasi ya ziada, ya maneno yake mwenyewe. Kwamba mgonjwa kukataa chakula siku za mwisho si dalili kwamba wanaomtunza wamezembea. Mwili unafunga shughuli zake, na kumlazimisha kunaweza kumpalia. Kwamba ule mkoromo wa koo unatokana na mate na ute ambao hana tena nguvu ya kuumeza, na kwa kawaida humsumbua msikilizaji kuliko mgonjwa. Kwamba miguu na mikono hupoa na ngozi hubadilika rangi. Kwamba waendelee kuongea naye, kwa sababu haiwezekani kujua kwa hakika ni lini anaacha kusikia. Karatasi hii nadhani itaazimwa kuliko vitabu.

Kando yake tumeweka *Being Mortal* cha Atul Gawande, cha mwaka 2014. Faida yake kubwa ni maswali. Daktari huyu wa upasuaji anakiri alifundishwa kutibu, hakufundishwa kuuliza: unaelewa nini kuhusu ugonjwa wako, unaogopa nini zaidi, uko tayari kupoteza nini ili upate muda zaidi na nini hukubali kukipoteza. Baadaye anamuuliza baba yake mwenyewe, ambaye ana uvimbe kwenye uti wa mgongo. Familia nyingi hazijui kwamba maswali hayo yanaulizika.

Nilitaka pia kitabu juu ya Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa) ya St Christopher's jijini London mwaka 1967 baada ya kuwa muuguzi, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha daktari. Wazo lake kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, akili, jamaa na roho kwa pamoja ndilo lililozaa tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona, kama tunavyoijua. Bado natafuta kitabu chenye urefu wa kawaida. Nilivyovipata ni vya wataalamu.

Aprili

Riwaya. Niliogopa zingekuwa nyingi, kwa sababu karibu kila riwaya ina mtu anayekufa. Tumejiwekea kipimo kikali: kifo kiwe ndicho kinachosomwa, kisiwe njia ya mwandishi kumaliza sura.

Kilichopita bila mjadala ni hadithi ya Tolstoy kuhusu Ivan Ilyich, ya mwaka 1886. Hakimu anaugua, na jamaa zake wote wanaendelea kusema kwamba ni ugonjwa tu, atapona akifuata dawa. Kinachomtesa kuliko maumivu ni uongo huo. Anayempa nafuu ni Gerasim, kijana wa kazi, anayekaa usiku akiinua miguu ya bwana wake mabegani kwa sababu ndivyo maumivu yanavyopungua, na anayesema bila kumung'unya maneno kwamba sote tutakufa, kwa nini asijisumbue kidogo. Nimeandika kwenye karatasi: "Kisome kabla ya kwenda kumtazama mgonjwa." Ni kifupi, kinaisha jioni mbili.

Ufupi umekuwa kigezo chenyewe. Aliyefiwa karibuni hasomi kama zamani. Anarudia aya moja mpaka macho yanauma, na akifika chini ya ukurasa hajui juu kulikuwa na nini. Ndiyo maana sehemu yake ina vitabu vichache sana, na kitabu cha kwanza ni cha C. S. Lewis, *A Grief Observed*. Mkewe Joy Davidman alifariki mwaka 1960. Lewis alichukua madaftari yaliyokuwa nyumbani akaandika humo alichokuwa akihisi, na mwaka uliofuata yakachapishwa kwa jina la bandia, N. W. Clerk. Jina lake halisi halikuwekwa mpaka naye alipokufa.

Kuna sehemu mbili ambazo tumezitolea onyo. Ya kwanza ni anapomtuhumu Mungu kwamba ukimwendea ukiwa na shida mlango unafungwa usoni mwako, halafu unasikia komeo mbili zikisukumwa kwa ndani. Mwenzangu, mtu wa swala zake, alinyamaza alipofika hapo, kisha akasema kiingie hivyo hivyo, maana amewasikia waumini wakubwa wakisema makali zaidi ya hayo korido za wodi. Ya pili ni pale anapogundua amekuwa fedheha kwa kila anayekutana naye: watu wanajiuliza waseme au wasiseme, naye anawachukia wakisema na anawachukia wasiposema. Sijaona mahali pengine jambo hilo limesemwa kwa haki hivyo kwa pande zote mbili, maana nimekuwa upande wa mpita njia pia, nikijifanya sijamwona mtu kwa kuogopa neno la kumwambia.

Wa pili ni Joan Didion. Mume wake alianguka mezani, chakula cha usiku kikiwa tayari, tarehe 30 Desemba 2003, wakati binti yao amelazwa chumba cha mahututi. *The Year of Magical Thinking* kilitoka mwaka 2005. Kila mtu hukumbuka viatu: aligawa nguo za mumewe, akakwama kwenye viatu, kwa sababu mume akirudi atavaa nini? Anajua kabisa kwamba hatarudi. Yote mawili yako kichwani kwa pamoja, na mwandishi hajaribu kuyapatanisha. Mfiwa anayejiona anakaribia wazimu anahitaji ukurasa huo kuliko ushauri wowote. Onyo la karatasi: binti huyo naye alifariki mwaka 2005 kabla kitabu hakijatoka, na mama akaja kumwandikia kitabu kingine. Ni bora msomaji ajue hilo kwetu kuliko kulikuta ghafla kwingine.

Mei

Vitabu vya watoto vimenishangaza kwa kuwa na ujasiri kuliko vya wakubwa.

Mark Speece na Sandor Brent, mwaka 1984, walikusanya tafiti zilizokuwepo na kuonyesha mambo ambayo mtoto anajifunza kwa awamu: kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili wake haufanyi kazi tena (hasikii baridi, hahitaji kula), na kwamba kila kiumbe kitakufa. Wengi huyaelewa kati ya miaka mitano na saba. Hicho ndicho kipimo chetu cha kitabu cha mtoto. Kinachosema bibi "amesafiri" au "amelala" kinakwenda nje moja kwa moja, maana mtoto ataketi dirishani akisubiri, au ataogopa kitanda. Tumekataa vingi kwa sababu hiyo, vingine vina picha nzuri ajabu.

Kilichobaki juu kabisa ni cha Wolf Erlbruch, Mjerumani, cha mwaka 2007, kuhusu bata, mauti na tulipu. Bata anahisi kuna mtu anamfuata. Anageuka, anamkuta Mauti amevaa kanzu ya mirabamiraba, ameficha ua nyuma yake. Umekuja kunichukua? Hapana, anajibiwa, nimekuwa karibu nawe siku zote, endapo kutatokea kitu. Wanakwenda kuogelea bwawani. Mauti ndiye anayeshikwa na baridi, na bata anajilaza juu yake kumpa joto. Hakuna anayetishwa, hakuna anayedanganywa. Tulimsomea mtoto mmoja wa miaka sita kwa ruhusa ya mama yake. Alichouliza ni kama Mauti naye ana mama. Mama yake hakuwa na jibu, nasi pia.

Kingine ni cha Michael Rosen, kimechorwa na Quentin Blake, cha mwaka 2004. Mwanawe Eddie alikufa ghafla kwa homa ya uti wa mgongo mwaka 1999, akiwa na miaka 18. Ukurasa wa kwanza una uso wa baba unaotabasamu meno nje, na maandishi yanasema huyu ni mimi nikiwa na huzuni. Anajifanya ana furaha kwa sababu anadhani watu hawatampenda akionekana mwenye huzuni. Mbele kidogo kuna picha za Eddie akikua, mtoto mchanga, mwanafunzi, kijana, kisha nafasi ya mwisho imeachwa tupu. Tumekiweka kwa watoto na nakala ya pili kwa wakubwa. Ni wanaume hasa ninaotaka wakione.

Juni

Kiswahili. Hapa ndipo rafu inapokonda, na ndipo nilipotaka inenepe.

Tunavyo vitabu vya dini, vya misikiti na vya makanisa, vya sala za maiti na mahubiri ya faraja. Vina kazi yake na tumeviweka. Lakini nathari ya mtu anayesimulia msiba wake mwenyewe kwa Kiswahili, ukurasa hadi ukurasa, nimeipata kidogo mno.

Ushairi ndio unaotuokoa. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mwaka 1858, akiwa amelala na maradhi yaliyotimiza mwaka, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Anamwita aje na wino na karatasi, anamwambia atampa hirizi aifunge kwa uzi, na hirizi yenyewe ni maneno. Sehemu kubwa ni dini, adabu na jinsi ya kukaa na mume, na najua msomaji wa leo atakunja uso mahali fulani. Ninachomwonyesha kwenye karatasi ni kingine: mama anayekufa anatumia nguvu zake za mwisho kupanga jinsi mwanawe atakavyoishi na watu. Tumeuweka kwenye sehemu ya anayekufa naye anajua, kama mfano wa wosia. Mwenzangu anasema wagonjwa wengi humwomba kalamu, na hawajui waanze wapi.

*Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ya takriban miaka 200 iliyopita, tulibishana sana. Mshairi anausuta moyo wake kwa kuung'ang'ania ulimwengu, anauonyesha majumba ya Pate, mji wa kale wa pwani ya Kenya, yaliyokuwa yaking'aa taa, na madaka ya visahani ambayo sasa yanalaliwa na makinda ya ndege. Sijui beti nyingine za Kiswahili zinazokifanya kifo kiwe kitu cha kugusika namna hiyo. Ila unamalizikia na adhabu za Jahanamu, na mfiwa aliyelala macho akijiuliza marehemu wake yuko wapi hahitaji kumalizia hapo. Mimi nilitaka uwe kwa wote. Mwenzangu alitaka uwe kwa ambao hawajafikwa. Ameshinda.

Julai

Vilivyokataliwa: kila kitabu kinachoahidi kupona kwa muda uliotajwa, na kila kinachoanza na habari kwamba kila jambo hutokea kwa sababu. *The Denial of Death* cha Ernest Becker hakikukataliwa, kiko sehemu ya mwisho na waliotulia. Kinadai kwamba karibu kila tunachokijenga ni ukuta wa kutuzuia tusikione kifo. Becker mwenyewe alifariki mwaka 1974, miezi miwili kabla ya kitabu hicho kupata tuzo ya Pulitzer.

Katika sehemu ya waliofiwa zamani tumeongeza kipande cha karatasi ndani ya kila kitabu, chenye ujumbe uleule. Majonzi hayana tarehe ya kwisha. Lakini tangu mwaka 2022 orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika inatambua majonzi yaliyorefuka kuwa hali inayohitaji tiba, pale yanapodumu zaidi ya miezi sita, yakivuka mno desturi za jamii ya mtu, na kumzuia asiweze kuishi siku yake. Mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani unasubiri mwaka mzima kwa mtu mzima. Ukiona ndivyo ulivyo, au ukijikuta unatamani kumfuata marehemu, mtafute mtaalamu leo, kitabu utakikuta.

Mapengo tunayoyajua. Kenneth Doka, mwaka 1989, aliandika juu ya majonzi ambayo jamii haiyatambui, na rafu yetu inayasahau vilevile: mimba iliyotoka, mtoto aliyezaliwa mfu, mpenzi asiyeruhusiwa kukaa na familia msibani, aliyejiua. Kwa aliyejiua nina vitabu viwili mkononi, vyote virefu, na kimoja kinaeleza namna ilivyofanyika kwa undani ambao mwenzangu hautaki karibu na mtu yeyote. Tumekubaliana kisikae wazi rafuni, kiwe cha kuombwa, na anayekiomba azungumze kwanza na mmoja wetu. Kwa mimba iliyotoka sina kitu bado. Nimeandika majina ya vitabu vitatu vya kusoma mwezi ujao, na yeye amechukua kimoja.